Levo ya takrolimusi iko chini, albumini nayo iko chini, lakini daktari hajaongeza dozi. Wenye uelewa tuelimishane

Binti wa mzee (mleta uzi)

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Nina jambo naomba wenye uelewa wa dawa wanisaidie kwa lugha ya kawaida. Mzee wangu amepandikizwa ini, ameshatoka ICU yuko wodini, ini linaendelea vizuri, enzaimu (zile zinazopanda ini likiumia) zinashuka na manjano ya macho yanaisha. Anatumia dawa tatu za kuzuia mwili usilikatae ini: takrolimusi asubuhi na jioni, maikofenoleti na predinisoloni.

Kinachonichanganya ni hiki. Majibu ya juzi levo ya takrolimusi imesoma 5.1 na sisi tangu mwanzo tuliambiwa wanalenga 6 mpaka 10 kwa mwezi huu wa kwanza. Nikajua dozi itapanda. Daktari kaangalia karatasi, kamwambia mzee anyooshe mikono mbele, vidole vikawa vinatetemeka, kauliza albumini (protini ya damu) ngapi akajibiwa 24, hematokriti (kipimo cha wingi wa damu) 26, kreatinini (kipimo cha figo) imepanda kidogo, akasema dozi ibaki hapohapo tutapima tena. Akahamia kitanda kinachofuata.

Sasa mgonjwa wa kitanda hicho levo yake ni 5.4, yaani kamzidi mzee, lakini yeye kaongezewa dozi palepale! Nimeuliza nikajibiwa "protini za mzee wako ziko chini", basi, wakaendelea na raundi. Protini za damu zinahusiana vipi na dawa ya kuzuia ini lisikataliwe? Naogopa mwili usije ukalikataa ini kwa sababu dawa haitoshi.

Mfamasia wa wodi

Pole na kuuguza dada, na hongera kwa mzee kufika hapo. Nafanya kazi na wagonjwa wa aina hii na hili suala linanigusa sana, manake nimeshaona watu wanaongezewa dozi kwa sababu ya namba kwenye karatasi halafu zinazoumia ni figo. Naandika kirefu, nivumilie.

Kwanza jua hiyo 5.1 imehesabu nini. Ni nanogramu 5.1 za dawa kwenye mililita moja ya damu nzima, yaani dawa yote, iliyoshikwa na isiyoshikwa. Takrolimusi ikiingia kwenye damu sehemu kubwa kabisa inazama ndani ya chembe nyekundu na kung'ang'ania protini iliyomo humo, kiasi kwamba ukilinganisha damu nzima na plazima peke yake, yaani yale maji ya damu bila chembe, kwenye damu nzima dawa ni nyingi kwa wastani wa mara 35 hivi, na inatofautiana kati ya mtu na mtu kuanzia mara 12 hadi 67. Kile kidogo kilichobaki kwenye plazima nacho asilimia 99 hivi kimeshikwa, hasa na albumini na protini nyingine inaitwa alfa-1 asidi glikoproteini. Kinachobaki huru ni chembe tu. Na hicho kilicho huru ndo kinaingia kwenye seli za kinga kuzituliza zisishambulie ini, hichohicho ndo kinaingia kwenye figo na kwenye ubongo kuleta mtetemeko, na hichohicho ndo ini linakivunja na kukitoa mwilini.

Chukulia basi limejaa abiria. Waliokaa ndani hawafanyi kazi yoyote, wanaofanya kazi ni wale walioshuka. Kipimo cha maabara kinahesabu wote, waliokaa na walioshuka, halafu kinakupa jumla moja.

Sasa mzee hematokriti yake ni 26, yaani chembe nyekundu ni asilimia 26 tu ya damu yake, damu imepungua. Mtu mwenye damu ya kutosha ni 40 na kitu. Nikupe hesabu ya mfano tu, isije ikachukuliwa kama fomyula ya kubadilishia dozi: mtu mwenye hematokriti 45 na levo 10, hematokriti yake ikishuka mpaka 27 na kila kitu kingine kikabaki vilevile, levo yake itasoma kama 6, manake chembe za kubebea dawa zimepungua kwa kiwango hicho. Dawa iliyo huru haijabadilika hata kidogo! Umeona? Karatasi inasema dawa imeshuka kwa asilimia 40 wakati seli za kinga zinapata dawa ileile.

Mtu atauliza, wabebaji wakipungua si dawa iliyo huru itajaa? Kwa muda mfupi ndiyo, inaongezeka. Lakini ini linalofanya kazi likiona dawa huru imeongezeka linavunja zaidi, mpaka ile huru inarudi palepale ilipokuwa. Kinachoshuka na kubaki chini ni jumla. Ndo maana kwa dawa za namna hii, ambazo ini linazitoa polepole, protini zikishuka unapata levo ndogo bila mgonjwa kupungukiwa dawa.

Sasa weka na dalili zake. Mikono inatetemeka na kreatinini imepanda. Hivyo vyote ni vitu takrolimusi inavifanya ikizidi. Enzaimu za ini zinashuka, maana yake hakuna dalili kwamba mwili unalikataa. Kwa hiyo daktari kaangalia 5.1 akaona kwamba kwa damu hii na albumini hii, mwili wa mzee unapata dawa ya kutosha, pengine hata zaidi ya kutosha. Mimi ningekuwa pale ningeunga mkono.

Yule jirani faili lake sijaliona kwa hiyo nasema kwa ujumla. Mtu mwenye damu nzuri na albumini nzuri akiwa na 5.4, wabebaji wake ni wengi na sehemu kubwa zaidi ya hiyo 5.4 imeshikwa, kwa hiyo iliyo huru inaweza ikawa ndogo kuliko ya mzee. Na kama enzaimu zake zilikuwa zinapanda, kuongeza dozi ni sawa kabisa.

Binti wa mzee

Asante sana mfamasia, yaani umenitua mzigo. Kumbe namba mbili zinaweza kufanana na maana zikawa tofauti. Ila sasa ini si jipya, mbona albumini bado 24? Nilidhani ini jipya linatengeneza kila kitu siku hiyohiyo.

Mfamasia wa wodi

Linaanza mapema kweli lakini mahesabu hayaruhusu haraka. Ini zima linatengeneza albumini kama gramu 10 mpaka 15 kwa siku, na albumini iliyopo kwenye damu inakaa muda mrefu, nusu yake inaisha kwa karibu wiki tatu. Kawaida inatakiwa iwe 35 hadi 50 gramu kwa lita. Mzee aliingia chumba cha upasuaji tayari iko chini kwa sababu ini la zamani lilishachoka, kisha akapoteza damu, akapewa maji mengi ya dripu yakaizimua, mengine yanatoka kila siku kwenye mrija wa tumboni pamoja na protini zake. Juu ya hapo upasuaji mkubwa unaleta uvimbe wa ndani, mishipa inavujisha albumini kwenda kwenye nyama, na ini lenyewe linapunguza kutengeneza albumini ili litengeneze protini za dharura. Mojawapo ya hizo za dharura ni ileile alfa-1 asidi glikoproteini, yaani mbebaji mmoja anashuka na mwingine anapanda kwa wakati mmoja. Ndo maana sikubaliani na wanaosoma albumini peke yake halafu wanatoa hukumu ya takrolimusi. Kwa takrolimusi mimi naanza na hematokriti, albumini inafuata.

Ini la pili

Mimi ni mpokeaji, namshukuru Mungu. Nataka kuuliza upande wa maikofenoleti, manake hapa watu wote wanaongelea takrolimusi tu. Kipindi cha mwanzo albumini yangu ilikuwa chini sana na figo zilikuwa zimelegea, chembe nyeupe zikaanguka mpaka nikatengwa chumba cha peke yangu. Walipima levo ya maikofenoleti wakasema iko CHINI, halafu hapohapo wakapunguza dozi. Familia yangu ilikuja juu, inakuwaje dawa iko chini na mnaipunguza? Nilikubali tu kwa sababu nawaamini lakini mpaka leo sijaelewa.

Mfamasia wa wodi

Kaka umeleta mfano mzuri kuliko wowote ule, kwa sababu maikofenoleti ndo dawa ambayo albumini inaitawala kwelikweli. Yenyewe haizami kwenye chembe nyekundu kama takrolimusi, iko kwenye plazima, na asilimia 97 hivi imeshikwa na albumini. Asilimia 3 tu ndo inafanya kazi.

Tuweke namba. Mtu mwenye albumini nzuri ana miligramu 10 kwa lita, asilimia 3 iko huru, kwa hiyo huru ni 0.3. Albumini yake ikianguka, tuseme sehemu huru inakuwa asilimia 6. Ini linafidia kwa kutoa zaidi, jumla inashuka mpaka 5, na asilimia 6 ya 5 ni 0.3 ileile. Jumla imekatika nusu, kazi haijapungua. Ukiona 5 ukaongeza dozi mara mbili, huru inakwenda 0.6 na uboho wa mifupa unaotengeneza chembe nyeupe unapigwa mara mbili.

Hapo nimechukulia figo na ini viko sawa. Kwako figo zilikuwa zimelegea na hilo linabadilisha kila kitu. Ini linapoivunja maikofenoleti linaifunga na sukari ya aina fulani kupata zao ambalo linatolewa na figo. Figo zikilegea hilo zao linarundikana kwenye damu, na lenyewe pia linapenda kukaa kwenye albumini, linagombania nafasi na dawa na kuisukuma nje. Kwa hiyo unakuwa na albumini chache, na hizo chache zimekaliwa na takataka, dawa inabaki huru. Kwa mgonjwa wa hivyo levo ya jumla inaweza kuonekana chini au ya kawaida na uboho ukawa unaungua. Chembe zako nyeupe ndo zilikuwa kipimo cha kweli na waliokutibu walizisikiliza.

Kitu kingine ambacho wapokeaji wengi wa ini wanakiona, dozi ileile ya maikofenoleti inatoa levo kubwa zaidi baada ya miezi michache kuliko wiki za mwanzo. Sehemu ya sababu ni albumini kurudi. Sio kwamba unazidishiwa dawa.

Na predinisoloni isisahaulike kwa sababu watu wanaiona dawa ndogo. Ina wabebaji wawili, mmoja anaitwa transkotini anaishika kwa nguvu lakini nafasi zake ni chache zinajaa upesi, kisha dozi ikiwa kubwa inahamia kwenye albumini. Tangu mwaka 1971 kuna utafiti uliotoka ukionyesha wagonjwa wenye albumini chini ya 25 gramu kwa lita wanapata madhara ya predinisoni mara mbili ya wengine. Mzee wa mleta uzi ana 24. Sukari yake ipimwe kwa karibu, na akianza kukosa usingizi au kuongea asiyoyaongea kawaida, semeni mapema.

Nesi wa zamu ya usiku

Naomba nichangie kwenye uchukuaji wa damu, kwa sababu haya yote mfamasia anayoeleza hayana maana kama sampuli ni mbovu.

Damu ya takrolimusi inachukuliwa kabla ya dozi ya asubuhi, yaani masaa 12 baada ya dozi ya jioni. Mgonjwa akishameza ndo ukachukua, namba itakuja kubwa na haitasaidia kitu. Chupa ni ile ya kifuniko cha zambarau yenye dawa ya kuzuia damu isigande, na ukishajaza unaigeuza taratibu juu chini mara kadhaa, usiitikise. Ikiganda hiyo sampuli itupwe. Dawa imekaa ndani ya chembe nyekundu, sasa zikishagandana utapima nini? Na kama mgonjwa alipewa takrolimusi au saiklosporini (dawa nyingine ya kuzuia ini lisikataliwe) kwa dripu, usichukue damu kwenye mrija uleule dawa ilipopitia, kwa sababu dawa inanata kwenye plastiki na utapata namba ya kutisha ambayo haipo mwilini.

Wagonjwa wangu huwa nawaambia dozi ya jioni umeze saa ileile, na saa uliyomeza iandikwe kwenye fomu ya maabara. Ukichelewa usifiche, sema tu, tutaandika saa halisi na daktari ataisoma hivyo.

Mfamasia wa wodi

Hapo kwenye chupa nesi kagusa kitu kikubwa. Takrolimusi ilipatikana Japani mwaka 1984 kwenye bakteria wa udongo wa Tsukuba, na mwaka 1989 ndo daktari wa upasuaji Thomas Starzl na wenzake pale Pittsburgh, Marekani, wakaanza kuitumia kwa wagonjwa wa ini. Miaka ya mwanzo walikuwa wanapima plazima. Shida ikawa kwamba dawa inahama kati ya plazima na chembe nyekundu kutegemea joto la sampuli, damu ikipoa dawa inazidi kuzama kwenye chembe na plazima inasoma kidogo, damu ileile inatoa majibu tofauti kwa sababu tu ilikaa kwenye chumba cha baridi. Wakahamia damu nzima na mpaka leo ndo inatumika. Ni uamuzi mzuri kwa maabara, ila gharama yake ni hii tunayoijadili, kwamba namba inafuata wingi wa damu.

Na kupima ile iliyo huru yenyewe inawezekana, ila ni kazi ngumu, ni kiasi kidogo mno, unatakiwa kuichuja plazima na kutumia mashine nyeti sana, na hospitali karibu zote haziifanyi kama kipimo cha kawaida. Kwa hiyo tunabaki na jumla na akili ya kuisoma.

Halafu usilinganishe majibu ya maabara mbili zinazotumia njia tofauti. Kuna njia za zamani za kutumia kingamwili ambazo hematokriti ikiwa chini zilikuwa zinasoma juu kuliko ukweli. Chagua maabara moja ukae nayo.

Mdau wa muda mrefu

Mkuu mfamasia nakuheshimu lakini hapa naona unawatoa watu hofu ambayo inatakiwa iwepo. Ini likikataliwa ni kazi kubwa. Ndugu yangu alilipoteza. Mimi naona bora levo iwe juu kidogo kuliko chini, figo zinaweza kusubiri. Mkianza kuwaambia watu levo ya chini haina shida watalala usingizi.

Mfamasia wa wodi

Pole sana kwa ndugu yako, na hofu yako naielewa kabisa. Sijasema levo ya chini haina shida, na naomba mtu yeyote anayesoma hapa asiondoke na hiyo. Kuna levo ya chini ya kweli na ipo nyingi tu. Mtu kasahau dozi, au katapika, au kapewa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ambayo inalifanya ini livunje takrolimusi kwa kasi kubwa, hapo hematokriti haijabadilika, albumini haijabadilika, levo imeporomoka, na enzaimu zinaanza kupanda. Huyo anahitaji hatua leo, sio kesho.

Ninachopinga ni kusoma levo peke yake. Levo isomwe na hematokriti ya siku hiyo, albumini, enzaimu za ini, bilirubini (ile inayoleta manjano), kreatinini, potasiamu, na mikono ya mgonjwa. Vikienda upande mmoja una jibu. Levo chini na enzaimu zinapanda, na damu haijapungua, hiyo ni dawa haitoshi. Levo chini, damu chini, enzaimu zinashuka, mikono inatetemeka, kreatinini inapanda, hapo ukiongeza dozi unamuumiza mtu huku karatasi ikionekana nzuri. Na figo hazisubiri ndugu yangu. Mpokeaji wa ini anaweza kuishi na ini zuri miaka mingi akaishia kwenye mashine ya kusafisha damu kwa sababu ya dawa hizi, na miezi ya mwanzo ina mchango mkubwa.

Halafu kuna hali ya tatu ambayo mimi ndo naiogopa kuliko zote na haizungumzwi. Albumini chini kwa sababu ini jipya lenyewe halijaamka. Hapo ini halitengenezi protini na pia haliwezi kuvunja dawa. Ile fidia niliyosema ya ini kutoa dawa huru iliyozidi haipo. Dawa huru inapanda kweli na inabaki juu, wakati levo ya jumla inaweza kusoma 8 au 9, ndani ya kiwango kabisa, kila mtu ametulia. Mgonjwa anaanza kuchanganyikiwa, kichwa kinauma, mkojo unapungua. Ukimwona mtu yuko "ndani ya kiwango" na albumini 20 na bilirubini inapanda na ana mtetemeko, usiamini hiyo 9.

Mdau wa muda mrefu

Hapo nimekuelewa mkuu, hasa hiyo ya tatu. Ndugu yangu alianza na kuchanganyikiwa hivyohivyo. Endelea kuelimisha.

Msomaji mpya

Naomba kuuliza, na sisi tunaotumia saiklosporini je? Dada yangu kahamishiwa huko kwa sababu takrolimusi ilimletea kisukari.

Mfamasia wa wodi

Saiklosporini nayo zaidi ya nusu iko kwenye chembe za damu, ila kwenye plazima mbebaji wake mkuu sio albumini, ni lipoproteini, yaani zile protini zinazobeba mafuta na kolesteroli. Kwa hiyo kwake kipimo cha kuangalia pembeni ni kolesteroli. Mwaka 1987 madaktari waliripoti wagonjwa waliopandikizwa ini wakapata degedege na kuchanganyikiwa wakiwa kwenye saiklosporini, na waliopata shida hiyo walikuwa na kolesteroli ya chini sana. Wabebaji wachache, dawa inakwenda kwenye ubongo kirahisi. Watu wamezoea kufurahia kolesteroli ikiwa chini, lakini kwa mtu aliyetoka kupandikizwa ini ni ishara kwamba ini bado halijashika kazi na kwamba saiklosporini iangaliwe kwa makini. Kama dada yako amepandikizwa muda mrefu na kolesteroli yake ni ya kawaida basi hilo sio la kumnyima usingizi, shinikizo la damu na figo ndo vya kufuatilia.

Binti wa mzee

Mfamasia samahani nakuchosha. Maswali mawili. La kwanza, je tukimlisha mzee protini kwa wingi albumini itapanda na levo irudi sawa? Kuna mtu katuambia tuombe dripu ya albumini. La pili, tukiruhusiwa kwenda nyumbani niangalie nini?

Mfamasia wa wodi

Hujanichosha dada, uliza.

Protini kwenye chakula anaihitaji sana, kidonda kinapona nayo na misuli iliyoisha inarudi nayo, fuateni alichopanga mtaalamu wa lishe. Lakini albumini haipandi kwa sababu umekula leo. Inapanda ini likitulia, uvimbe ukiisha na mrija wa tumboni ukiacha kumwaga. Usimlazimishe mzee kula mpaka atapike, akitapika dozi hapo ndo mmetengeneza shida ya kweli.

Dripu ya albumini ina kazi zake, kuna wakati wanaipa kwa sababu ya maji mwilini au presha. Kumpa mgonjwa ili tu namba ya takrolimusi ipendeze haina maana, unaongeza wabebaji, jumla inasogea, dawa huru inarudi ilipokuwa. Na akiongezewa damu muulizeni daktari kabla hamjashtuka, levo inaweza ikapanda bila dozi kuguswa kwa sababu chembe za kubebea zimeongezeka.

Nyumbani sasa. Wiki zinavyokwenda damu itajaa na albumini itapanda, kwa hiyo levo ya mzee inaweza kupanda taratibu kwa dozi ileile. Msipunguze wenyewe. Na ikishuka msiongeze wenyewe. Kila mkienda kliniki ombeni nakala ya majibu muandike kwenye daftari moja, mstari mmoja kwa kila kipimo: tarehe, dozi, saa ya dozi ya mwisho, levo, HB au hematokriti, albumini, kreatinini, enzaimu. Daktari mwingine akimwona siku yule wa kawaida hayupo, ataona levo na protini zinatembea pamoja na hatakimbilia kubadilisha dozi. Potasiamu pia iwepo, takrolimusi inaipandisha.

Pigeni simu siku hiyohiyo akiharisha, na hili watu hawaliamini, kuhara kunaweza KUPANDISHA levo ya takrolimusi badala ya kuishusha, kwa sababu ukuta wa utumbo ambao kawaida unaivunja sehemu ya dawa unakuwa umeumia. Pigeni simu akipewa dawa yoyote mpya na mtu asiyejua kwamba amepandikizwa, hasa flukonazoli ya fangasi au klarithromaisini ya bakteria, hizo zinapandisha levo ya kweli, sio ya protini. Na mtetemeko ukizidi mpaka ashindwe kuandika jina lake, au macho yakirudi manjano, msisubiri tarehe ya kliniki.

Ini la pili

Hiyo ya daftari naipigia mstari. Mimi la kwangu lina safu ya albumini tangu mwanzo na lilishanisaidia, daktari mgeni aliona levo imepanda kutoka 6 kwenda 8 akataka kupunguza, akafungua daftari akaona hematokriti imetoka 28 kwenda 38 na kreatinini iko palepale, akaacha dozi ilivyo. Dada ukitaka nikutumie picha ya jinsi nilivyochora safu niandikie ujumbe wa pembeni.

Binti wa mzee

Nimeshakuandikia kaka. Wote asanteni sana. Kesho asubuhi wanapima tena, nimemwomba nesi hematokriti na albumini zipimwe kwenye damu ya asubuhi hiyohiyo na amekubali. Majibu yakitoka nitayaweka hapa na namba zote.

Nesi wa zamu ya usiku

Vizuri. Na dozi ya asubuhi mzee asimeze mpaka damu iwe imeshachukuliwa, mkumbushe hata kama ndo amezoea kumeza mapema.